Maktaba isiyongojea mtandao: somo la Yangambi kwa sisi wa Kindu



Wengi wetu tukisikia "maktaba kwenye intaneti" tunafikiria mambo ya Ulaya: skrini kubwa, umeme usiokatika, mega zisizoisha. Mimi nilisoma agronomia hapa Kindu, na leo nataka kuonyesha kwa njia ya historia kwamba sivyo. Vyombo vingi vizuri vya maktaba vilitengenezwa na watu wenye laini mbovu, au kwa ajili yao. Na mashine si swali la kwanza. Swali la kwanza ni hili: tuko na maandishi gani, na nani anajua kwamba yapo?

Tuanze na mto. Maji ya Lualaba yanayopita mbele yetu yanateremka mpaka Kisangani, kisha yanaendelea karibu kilomita 100 na kupita Yangambi. Pale ndipo ilipokuwa kambi kubwa ya INEAC, shirika la utafiti wa kilimo ambalo Wabelgiji walilianzisha mwaka 1933. Leo kazi ile iko mikononi mwa INERA.

Kila mwana-agronomia amesikia habari ya mchikichi wa tenera. Mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen walichapisha matokeo ya majaribio yao ya Yangambi: ukichanganya dura, ambayo kokwa yake ina ganda nene, na pisifera, isiyo na ganda, unapata tenera, yenye ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta. Mashamba makubwa ya michikichi ya Malaysia na Indonesia leo yanasimama juu ya jambo lile. Ugunduzi ulifanyika kwetu. Lakini muulize mwanafunzi hapa: maandishi yenyewe umeyaona wapi? Akikujibu, atasema ni PDF aliyotumiwa na rafiki kwenye telefoni.

Kuna mfano mwingine, na huu unanigusa zaidi. Kati ya mwaka 1937 na 1958, watu wa Yangambi walikuwa wanapita chini ya miti ileile, wiki kwa wiki, na kuandika: huu umetoa maua, huu una matunda, huu umeangusha majani. Aina mamia za miti. Karatasi zile zilikaa miaka zaidi ya 50 bila kutumika sana. Mwaka 2015 mradi ulioitwa Jungle Rhythms ulianza kuweka picha za kurasa zile kwenye tovuti ya Zooniverse, na wajitoleaji wa nchi nyingi wakazisoma na kuziingiza kwenye kompyuta, ukurasa kwa ukurasa. Wanasayansi wakapata njia ya kujua misitu yetu ilivyokuwa inaishi zamani, na kupima leo mabadiliko ya tabianchi.

Hapo kuna masomo mawili. La kwanza: karatasi iliyotunzwa haijafa, picha tu inatosha kuanza kuiamsha. La pili linauma kidogo: kazi ya mikono ya watu wa hapa ilisomwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kuona msitu wa Yangambi, juu walikuwa na mtandao na sisi hatukuwa nao.

Sasa tuangalie vyombo. Mwaka 1999, maktaba za wilaya ya Horowhenua, New Zealand, zilikuwa na programu ya zamani ambayo haingeweza kuingia mwaka 2000. Si mji mkubwa, ni wilaya ya mashamba, na matawi yake yaliunganishwa kwa laini za kawaida za telefoni. Wakatengeneza programu yao, nyepesi, ikaanza kazi Januari 2000, kisha wakaitoa bure kwa dunia nzima. Inaitwa Koha, maana yake "zawadi" katika lugha ya Kimaori. Leo inatumika katika maktaba nyingi sana, hata za Afrika.

Mwaka uleule wa 1999, chuo kikuu cha Cornell, Marekani, kilitoa TEEAL: majarida ya kilimo yaliyopakiwa kwenye CD, baadaye kwenye diski moja, ili vyuo vya nchi maskini visome bila intaneti. Mwaka 2003 FAO ikaleta AGORA, inayofungulia majarida ya kilimo taasisi za nchi kama yetu. Lakini angalieni: inayojiandikisha ni taasisi, si mtu mmoja. Taasisi isipoomba, mlango unabaki umefungwa hata kama hakuna malipo. Na tangu 2007 kuna Kiwix, inayokuwezesha kubeba Wikipedia nzima kwenye telefoni au fleshi na kuisoma bila mega hata moja.

Tuseme kweli, basi: Kindu haikosi vyombo. Kinachokosekana ni orodha. Memwari yangu ilihusu mpunga wa mlimani, zao ambalo babu zetu wa Maniema walilijua tangu wakati wa Waungwana. Baada ya kuitetea, nakala zake chache zilienda kwenye kabati. Wa kwenu vilevile. Kila mwaka mwanafunzi mpya anaanza upya utafiti ambao mwenzake alishaumaliza, na mkulima wa Kibombo au Kailo hapati kitu. Mtu wa Alunguli anavuka Lualaba kwa pirogi, analipa kwenda na kurudi, ili tu aambiwe kitabu hakipo au mlango umefungwa.

Kwa hiyo maktaba ianze na mambo madogo. Ukurasa mmoja mwepesi wenye saa za kufungua na orodha ya vitabu, hata kama ni jedwali tu, Koha itafuata. Kisha, siku ya kuweka memwari, mwanafunzi alete faili pamoja na karatasi. Tunaandika kwa kompyuta, faili iko tayari! Memwari ya maandishi mara nyingi haifiki mega 3; ukiipiga picha ukurasa kwa ukurasa, inapita 100. Mwisho, kompyuta ndogo moja ndani ya maktaba, yenye Wi-Fi yake, itoe faili zile na Kiwix kwa yeyote anayeingia na telefoni, mtandao uwepo au usiwepo.

Wengine watasema: mkiweka memwari wazi, watu wataziiba. Mimi nasema wanaziiba sasa, tena kwa raha, sababu hakuna anayeweza kulinganisha. Kazi iliyo wazi ina jina na mwaka wake. Mwizi wake anaonekana haraka.

Watu wa Yangambi waliandika maua ya miti bila kujua nani atasoma. Sisi tunawajua wasomaji wetu: ni wadogo zetu walio katika masomo sasa hivi. Wewe uliyemaliza, faili yako ya memwari iko wapi leo? Itafute kabla kompyuta haijakufa, na uipeleke maktaba.