Nyumba Salama ya Mugumu: Historia ya Shirika Dogo la Majirani Zetu

Katika mwaka huu wa maadhimisho ya hekalu letu, tumeona si vyema kurasa zote za kitabu hiki zijae sifa zetu wenyewe. Hekalu lina majirani, na majirani wana historia. Tumechagua kusimulia habari za shirika dogo la Wilaya ya Serengeti, kwa kuwa ndani yake tunaona maswali yaleyale yanayoikabili kila jumuiya inapoundwa: nani atabeba dhamana, fedha zitatoka wapi, na nani atabaki kazini baada ya shangwe za ufunguzi kwisha.

Msomaji wetu aishiye Mbalibali, mojawapo ya kata za Serengeti, hahitaji kuelezwa maana ya mwezi wa Desemba. Shule zikifungwa, na hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, wazee wa mila wa baadhi ya koo za Wakurya hutangaza msimu wa tohara. Wavulana hutahiriwa na mabinti hukeketwa. Sheria ya mwaka 1998 kuhusu makosa ya kujamiiana ilikwisha kuharamisha kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa takribani asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ilhali kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 10. Sheria ilikuwapo. Kilichokosekana ni mlango wa kubisha usiku, kwa maana binti anayekimbia kisu huwakimbia baba, mama na shangazi, yaani wale wale ambao angewakimbilia.

Mlango huo ulifunguliwa Mugumu mwaka 2014, chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Mara. Miongoni mwa walioiongoza kazi hiyo alikuwa Bi. Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa utotoni na kutokwa na damu hata akakaribia kufa. Mwaka 2017 alianzisha shirika liitwalo Hope for Girls and Women in Tanzania, ambalo leo linaendesha nyumba salama Mugumu na nyingine wilayani Butiama.

Huruma peke yake haiundi shirika. Hekalu, kama jumuiya ya dini, husajiliwa kwa Sheria ya Vyama. Mashirika ya namna hii huongozwa na Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002. Sharti pawe na katiba, viongozi wanaojulikana na taarifa ya kila mwaka kwa Msajili. Tangu marekebisho ya mwaka 2019, cheti cha usajili hudumu miaka 10, kisha huombwa upya. Wapo wanaoyaona mambo haya kuwa ni usumbufu wa makaratasi. Sisi tunayaona kuwa ukuta wa pili wa nyumba, kwani mzazi aliyekasirika akifika langoni kumdai bintiye, msimamizi asiye na cheti hana la kumjibu.

Kazi yenyewe haiishii kwenye uokoaji. Binti hupokewa kwa kushirikiana na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na maofisa wa ustawi wa jamii. Msimu ukipita, wazazi huitwa, huzungumza, na walio tayari hutia saini ahadi kwamba mtoto hatakeketwa, ndipo naye hurudi nyumbani. Kwa kuwa njia za vijijini hazikuwamo katika ramani, tangu mwaka 2015 watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi wamezichora katika ramani huria ya intaneti, ili waokoaji wajue pa kupita.

Wapo mabinti ambao wazazi wao hukataa kutia saini. Hao hubaki, na hapo ndipo shirika dogo hupimwa. Desemba ina wageni, kamera na magunia ya mahindi. Januari ina sare za shule, madaftari, chakula, mshahara wa mpishi na mlinzi, na mafuta ya gari. Mtoaji hupenda fedha yake iwe jengo au cherehani aliyoiona kwa macho. Ni wachache wanaopenda iwe mshahara wa mhasibu. Lakini bila mhasibu hakuna taarifa, na bila taarifa mtoaji wa mwaka jana harudi mwaka huu.

Sisi wafanyabiashara tunaijua Desemba kwa namna nyingine. Khanga, sukari na soda hutoka kwa wingi, kwa sababu tohara huambatana na zawadi na karamu. Muuzaji hawezi kumuuliza kila mnunuzi khanga ile inakwenda kumfunika nani. Anachoweza ni kuamua sehemu gani ya mapato ya msimu huo itakwenda upande wa pili.

Kila Diwali, kabla ya msimu huo kuwadia, tunafanya Chopda Pujan: tunayafungua madaftari mapya ya hesabu na kuyaombea baraka. Mababu zetu waliliheshimu daftari kwa sababu deni lililoandikwa hulipwa, na wema usioandikwa husahauliwa. Tunapendekeza kwa wanajumuiya kwamba katika madaftari ya Diwali ijayo kila duka liandike mstari mmoja wa mchango wa kila mwezi kwa ajili ya nyumba salama za mkoa wetu, uwe mdogo kiasi gani, mradi usikatike. Elfu kumi inayofika kila mwezi humwezesha msimamizi kupanga. Laki inayofika mara moja humwezesha kushukuru tu.