Kazi ya Msimamizi wa Uvumbuzi

Historia ya viwanda imewakumbuka wavumbuzi kwa sifa, na imewakumbuka matajiri kwa hesabu za mali zao, lakini kati ya hao wawili yuko mtu wa tatu ambaye hutajwa kwa nadra. Huyu siye aliyegundua kitu, wala siye mwenye fedha zilizokilipia. Ni mtu aliyeajiriwa na kampuni kubwa awasimamie wavumbuzi: achague watu, agawe fedha, azuie haraka ya wakubwa wake, na siku iwadiapo akitoe kitu kipya katika chumba cha majaribio na kukitia kiwandani. Siku hizi makampuni mengi humwita meneja wa ubunifu. Jina ni jipya. Kazi yenyewe ina umri wa zaidi ya karne moja. Nia yangu ni kuitazama kazi hiyo kwa watu walioifanya, maana nionavyo mimi sehemu yake iliyo ngumu kuliko zote si ile isemwayo sana, yaani kupata mawazo mapya. Ni kuyavusha.

Tuanze na Schenectady, mji wa jimbo la New York huko Marekani. Kampuni ya General Electric ilizaliwa mwaka wa 1892 kwa kuunganishwa kampuni ya Edison na ile ya Thomson-Houston, na sehemu kubwa ya riziki yake ilitoka katika taa za umeme. Taa hizo zilikuwa na uzi wa makaa ndani ya kioo kilichotolewa hewa. Hataza kuu ya Edison juu ya taa hiyo ilikwisha muda wake mwaka wa 1894, na tangu hapo ngome iliyoilinda kampuni ikawa imebomoka. Tena huko Ulaya wataalamu walikuwa wakiunda taa za namna nyingine, zenye kutoa nuru nyingi kwa umeme kidogo. Nernst wa Ujerumani alikuwa na yake, na baada yake zikaja zenye nyuzi za madini. Charles Steinmetz, mhandisi aliyeheshimiwa sana katika kampuni, akawashauri wakuu wake waanzishe maabara isiyofungwa na kazi za kila siku za kiwanda. Maabara hiyo ikaanzishwa mwaka wa 1900, na makao yake ya kwanza yalikuwa banda lililokuwa nyuma ya nyumba ya Steinmetz mwenyewe.

Aliyeitwa kuisimamia alikuwa Willis Whitney, mwalimu wa kemia katika chuo cha MIT, aliyepata shahada ya udaktari huko Leipzig. Hakuitika kwa moyo mmoja. Alipatana na kampuni aende Schenectady siku chache tu kwa juma na kubaki na darasa lake, kama mtu anayetia mguu mmoja chomboni na kuuacha mwingine gatini. Nadhani kusitasita huko kulimfaa baadaye kuliko elimu yake. Hakusahau jinsi kampuni kubwa inavyoonekana machoni pa mtaalamu anayeitazama kutoka nje.

Whitney mwenyewe alifaulu kuuboresha uzi wa makaa, lakini mara watu wa Ulaya wakaleta uzi wa tungsteni uliokuwa bora zaidi, ila ulikatika upesi kama bua kavu. Mwaka wa 1907 msukosuko wa fedha ukaikumba Marekani. Hapo ndipo msimamizi wa maabara hujua uzito wa mzigo wake, kwa kuwa katika kampuni yenye dhiki hakuna idara iliyo rahisi kufungwa kama ile ambayo matunda yake hayajaonekana. Whitney alikuwa mtu wa moyo laini; zaidi ya mara moja katika maisha yake alishikwa na vipindi vya huzuni nzito. Hata hivyo aliendelea kumlinda William Coolidge, aliyeingia maabara mwaka wa 1905, na ambaye mwaka hata mwaka alikuwa akiipasha moto na kuifua tungsteni ile bila kupata alichokitaka. Mwaka wa 1910 Coolidge akapata njia ya kuifanya ipindike na kuvutwa kuwa uzi mwembamba usiokatika. Taa ya makaa ikafa.

Irving Langmuir alikuja mwaka wa 1909 kwa kazi ya likizo tu, akabaki. Whitney hakumpa kazi maalumu. Alimwacha azunguke, atazame yanayofanywa, kisha achague. Langmuir akachagua kuchunguza mwenendo wa gesi ndani ya kioo cha taa, na hakuanza kwa nia ya kuiboresha taa. Imesimuliwa mara nyingi kwamba Whitney alikuwa na desturi ya kupita vyumbani akiwauliza watu wake kama wanaifurahia kazi, na kwamba Langmuir alimjibu kuwa anaifurahia mno, ila haoni itaifaidia nini kampuni. Whitney akamwambia aendelee. Kutokana na uchunguzi huo ilitoka, mwaka wa 1913, taa iliyojazwa gesi badala ya kutolewa hewa, nayo ilishinda zote zilizotangulia. Langmuir alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1932. Mwaka huohuo Whitney aliacha uongozi, akamwachia Coolidge.

Wapendao kisa hiki hukisimulia kana kwamba busara yote ya msimamizi ni kuwaacha watu huru. Mimi sikubali. Wengi wa watu wa Whitney walishughulika na matatizo yaliyoletwa na viwanda, na uhuru wa Langmuir ulilipiwa na jasho lao. Aidha taa ilikuwa ndiyo biashara ya nyumba ile: kilichogunduliwa ghorofani kilikuwa na mnunuzi uani. Whitney hakuhitaji kuvuka bahari.

Mervin Kelly ndiye aliyekuwa na kivuko kirefu zaidi. Yeye alipewa ukurugenzi wa utafiti katika Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T, mwaka wa 1936. Hapo kabla alikuwa amesimamia utengenezaji wa vali, zile chupa za kioo zilizokuza sauti ya simu, akajua kwa uzoefu jinsi zinavyokula umeme na kuungua. Mwaka huohuo alimweleza mwajiriwa kijana, William Shockley, haja ya kuziondoa swichi zenye kwenda na kurudi katika vituo vya simu na kuweka mahali pake kitu cha elektroni. Hakumwambia kitu gani, maana hakijulikani. Baada ya vita, mwaka wa 1945, akaunda kikundi kilichochanganya wanafizikia na wanakemia, na mwezi wa Desemba 1947 Bardeen na Brattain wakaionyesha transista.

Ambalo husahauliwa ni lililofuata. Kelly hakuwaachia wagunduzi kazi ya kuifanya transista iwe bidhaa. Alimchagua mtu mwingine, Jack Morton, mwenye tabia nyingine, na akawaweka wahandisi wa maabara ndani ya viwanda vya Western Electric, kama kile cha Allentown, ili anayeunda na anayetengeneza wale chakula meza moja. Lakini tusimsifu kupita kiasi: nyuma yake ilikuwako kampuni iliyoishika karibu biashara yote ya simu ya nchi, isiyohofia mshindani, na mtu wa namna hiyo huweza kungoja miaka kumi na moja.

Xerox haikukosa wavumbuzi wala fedha. Mwaka wa 1970 ilianzisha maabara ya PARC huko Palo Alto, California, chini ya mwanafizikia George Pake, na kufikia 1973 ilikuwa imeunda Alto, kompyuta ya mtu mmoja yenye kipanya na picha kiooni. Lakini wakuu wa kampuni walikaa upande wa pili wa bara, nao walikuwa watu wa mashine za kutoa nakala, waliohesabu mapato kwa kurasa. Walipoitoa kompyuta sokoni mwaka wa 1981, kwa jina la Star, ilikuwa ghali na imechelewa. Steve Jobs wa Apple alikwisha kuitembelea maabara ile mwaka wa 1979 na kuondoka na alichokiona. Kulikuwa na kitu kimoja kilichovuka salama. Gary Starkweather, ambaye wazo lake la kuchapa kwa nuru ya leza halikupendwa na wakubwa wake wa kwanza, alihamishiwa PARC mwaka wa 1971, na mashine yake ikauzwa tangu 1977 kwa faida kubwa. Kwa nini hiyo na si Alto? Kwa sababu ilifanana na mashine ya nakala, na kampuni ilijua tayari jinsi ya kuiuza. Kilichofanana na nyumba kilipokewa mlangoni. Kisichofanana kilihitaji mtu wa kukisemea barazani kwa wakuu, na mtu huyo hakupatikana.

Afrika ya Mashariki inao mfano wake. Nick Hughes wa kampuni ya Vodafone ya Uingereza alipata fedha za serikali ya nchi hiyo, zikachanganywa na za kampuni, ili simu itumike kurejesha mikopo midogo nchini Kenya. Susie Lonie akatumwa Nairobi, na jaribio likaanza Oktoba 2005 kwa wateja wachache wa Nairobi na Thika. Wateja wakafanya wasiyoambiwa. Walitumiana fedha wao kwa wao, na wengine waliziweka ndani ya simu kabla ya safari na kuzitoa wafikapo, ili wasiporwe njiani. Msimamizi mwingine angeliita jambo hilo matumizi mabaya na kulikataza. Hawa waliliandika, wakawapelekea wakuu wa Safaricom, na Machi 2007 M-Pesa ikatangazwa kwa watu wote kuwa njia ya kupeleka fedha nyumbani. Marejesho ya mikopo, yaliyokuwa sababu ya safari nzima, hayakuwamo.