Kielezi cha Kiingereza na Kiambishi Kilichopotea

Huenda umewahi kufunzwa kwamba neno la Kiingereza linaloishia kwa -ly ni kielezi. Historia haiungi mkono kanuni hiyo. Katika Kiingereza cha Kale, kabla ya mwaka 1100, 'heard' lilikuwa kivumishi na 'hearde' kielezi. Vivyo hivyo 'freondlic' na 'freondlice'. Kiambishi tamati -e ndicho kilichoyatenganisha. Kufikia mwisho wa karne ya 15, -e hiyo haikutamkwa tena. Ndiyo maana 'hard' leo hufanya kazi zote mbili, na 'friendly' ni kivumishi licha ya -ly yake. Kiswahili kingali na alama: mwimbaji mzuri huimba vizuri. Katika Kiingereza, basi, usitegemee mwisho wa neno. Jiulize: linafafanua nomino au kitenzi?