Haiko Mukebe

Karatasi ilikuwa na kurasa nne za Kifaransa, na kazi yangu ilikuwa kuigeuza iwe Kiswahili kabla ya Ijumaa. Ilieleza michezo ambayo mzazi anaweza kumtengenezea nyumbani mtoto wa miaka 3 hadi 5 bila kununua kitu: kupanga vizibo kwa rangi, kumimina maji kutoka chupa hii hadi ile, kuchora mchangani kwa kidole, kufinyanga. Mambo mepesi. Nilidhani nitaimaliza jioni moja, hapa Kikula, Likasi, kabla umeme haujakatika. Kichwa chake peke yake kilinila siku mbili.

Kiliandikwa jeux d'éveil. Éveil ni kuamka, na neno hilo tumelizoea Kongo hii, kwani zile nafasi za mitaani wanakokusanywa watoto ambao bado hawajafikia umri wa kwenda ku masomo (ndivyo tunavyoita shule Likasi) huitwa espaces communautaires d'éveil. Nikaandika "michezo ya kuamsha", nikaisoma kwa sauti. Mke wangu akauliza kutoka jikoni: nani kalala? Ana haki. Kwa Kiswahili, ukimwamsha mtoto wa miaka 3 umemkosea mama yake.

Nikajaribu "kuchangamsha". Zuri, lakini hata mgeni huchangamshwa kwa soda na asijifunze chochote. "Kuerevusha" lina akili ndani yake, ila mwerevu wa sokoni si mtu wa kumwachia chenji. "Kupevusha" nililifuta mara moja: ndizi hupevuka, na mtoto akipevuka maana yake ni nyingine kabisa, haina uhusiano na vizibo. "Michezo ya kielimu" ndiyo ingepita bila swali mezani kwa waliotuma kazi. Tatizo ni kwamba inanuka chaki. Mtoto akisikia anaitwa kwenye mchezo wa kielimu atajificha, nami nitajificha naye.

Ugumu huu si wa Kiswahili peke yake. Kila aliyeupa jina umri huu ametaja kile anachokitazamia au anachokiogopa. Mjerumani Friedrich Froebel, mwaka 1840, aliona bustani, akaita Kindergarten; Wafaransa wakaigeuza jardin d'enfants, kisha wakaipenda zaidi maternelle, neno lenye mama ndani yake. Wabelgiji walikuwa na lao, école gardienne, shule ya kulinda. Mtunza bustani, mama, mlinzi: watoto ni walewale, anayebadilika ni mtu aliyesimama mlangoni.

Wenzetu wa Tanzania wamefanya vizuri zaidi, angalau wale wa mitaani. Wizara inasema elimu ya awali, neno safi lisilo na mtoto hata mmoja ndani yake. Mtaa unasema shule ya vidudu. Anayelisikia mara ya kwanza anashtuka, halafu anapita karibu na darasa lenyewe saa nne asubuhi, anakubali. Kenya wana nasari, na siku hizi PP1 na PP2, majina ambayo mtu angeweza kumpa mfuko wa saruji. Halafu kuna chekechea, ambalo Waswahili wengi wanalitumia kwa watoto wenyewe na kwa darasa lao. Sikioni mwangu neno hilo linacheka na kuchekecha kwa pamoja. Laiti lingekuwa limefika kwetu; sisi tumebaki na maternelle, nalo lina ada.

Ukurasa wa pili ulikuwa na mwanasesere wa vitambaa. Hapa nilipoteza saa nzima kwa raha. Kiswahili cha pwani kilikuwa na neno bandia kwa kitu hichohicho: mtoto wa bandia alikuwa kitambaa kilichofungwa, kikatiwa shingo kwa uzi, kikabebwa mgongoni na binti wa miaka minne. Hakuwa mtoto, na hakuna aliyedanganyika kwamba ni mtoto. Leo bandia ni noti, ni dawa, ni cheti cha mtu anayeomba kazi. Wapo wanaoita akili bandia ile akili ya kompyuta. Neno lilitoka mgongoni mwa mtoto likaingia polisi. Nilitamani kulirudisha nyumbani, nikaogopa kwamba mama wa mtaa wa Panda akisoma "mtengenezee mwanao mtoto bandia" atakwenda kuniuliza kwa mchungaji. Nikaandika "mutoto wa bitambala", vile mtu angesema hapa, kisha nikanyoosha: mtoto wa vitambaa.

Ukurasa wa tatu ndio ulionikasirisha. Pâte à sel, donge la chumvi: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji, ukande, mtoto afinyange. Nilimsomea jirani yangu, mama wa watoto watano. Akasema maneno matatu tu: "Bunga ya kuchezea?" Kwa sauti ya mtu aliyeambiwa awashie moto kwa noti. Katika Haut-Katanga, ambako mahindi mengi tunayokula huvuka mpaka kutoka Zambia na bei ya unga ndiyo habari ya kwanza asubuhi, hakuna tafsiri itakayookoa sentensi hiyo. Na hata ukisema utumie unga wa mahindi badala ya ngano, haushiki. Ngano ina ule mnato wake unaovutika, mahindi hayana. Ili ushike lazima uupike kwa maji ya moto, na ukishaupika huo si donge la kuchezea tena, ni bukari, watu wananawa mikono.

Kosa liko kwenye kitenzi pia. Kuchezea kuna nyuso mbili. Kitu cha kuchezea ni baraka; lakini ukimwambia mtu "unachezea kazi", "unachezea chakula", umemshitaki. Kiambishi ni kilekile, -ea, na ni kitu chenyewe kinachoamua kama ni mchezo au ni dhambi. Mpira huchezewa. Unga hauchezewi. Mfaransa aliyeandika karatasi hakuwa na mtego huu njiani.

Kwa hiyo nilifuta unga nikaandika udongo wa kichuguu, na sijaona haya. Yeyote aliyepita barabara ya Lubumbashi ameviona vichuguu vyetu, vingine virefu kuliko nyumba. Udongo wake ni laini, mchwa wameshauchambua chembe kwa chembe. Wafua shaba wa zamani wa nchi hii, wale waliokuwa wakiyeyusha mukuba, yaani shaba, kabla hajafika Mbelgiji yeyote, walijengea tanuri zao udongo huohuo. Mafundi wa matofali bado wanaukata. Na watoto, bila karatasi ya kurasa nne, wanaufinyanga ng'ombe na vyungu.

Nikaongeza sentensi moja ambayo haikuwa katika Kifaransa: udongo usichotwe karibu na viwanda wala kwenye mabaki ya madini. Mji huu wa Likasi ulipewa jina la Jean Jadot wa kampuni ya madini ya Union Minière, ukaitwa Jadotville, na jina lilipoondolewa mwaka 1966 vumbi la viwanda vya Shituru halikuondoka nalo. Mwaka 2009 Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi jirani na migodi na viwanda vya Katanga. Kobalti ilikuwa juu mno, na kwa watoto ilizidi ya wakubwa. Mtoto hucheza chini na mikono huenda mdomoni. Sentensi hiyo haikunipa shida yoyote ya istilahi.

Alhamisi nilikuwa bado sina kichwa. Nikatoka kupumua. Chini ya mwembe wa jirani yule, mwanawe wa nne, labda ana miaka minne, alikuwa amekalia kandambili anavuta kitu kwa uzi: mkebe wa dagaa wa kopo uliopondwa kidogo mbele ili uwe na pua, vijiti viwili chini kama ekseli, na vizibo vinne vya bia vilivyotobolewa kwa msumari, viwili vya Simba na viwili vya Tembo. Nikachuchumaa. Kwa upole wa mtu mzima anayetaka kumfundisha mtoto jina la kitu, nikamwuliza mukebe huo kautoa wapi.

Akanitazama kwa huruma. "Papa, haiko mukebe. Njo motokari."

Halafu akaipandisha juu ya mzizi, akatoa sauti ya gia kwa midomo, akaongeza, kama anayemsamehe mwanafunzi: "Kamotokari."

Hiyo ka- ndiyo niliyokuwa natafuta siku mbili mezani. Kiswahili sanifu kinadogosha kwa ki-, na ki- ina dharau: kitoto, kijitu, kijumba. Sisi wa Katanga tumeazima kwa majirani zetu wa lugha nyingine za Kibantu ka- na tu-: katoto, tutoto, kantu, tuntu. Sauti hiyo haipunguzi kitu heshima. Inakisogeza karibu, kitoshe kiganjani. Motokari ni ya kampuni. Kamotokari ni yake. Watoto wana hila nyingine kama hiyo, ya kurudia kitenzi. Anayepika anapika, anayepikapika amekalia matope na majani ya mwembe na hatakuunguza. Ukisikia mtoto anasema anajengajenga, ameshakueleza kwamba anajua nyumba haitakaliwa. Hakuna mtungaji wa istilahi aliyefikia ufupi huo.

Nikarudi ndani nikaandika juu ya ukurasa wa kwanza: Tuntu twa Kuchezea.

Waliotuma kazi walirudisha karatasi na mstari mwekundu. Hiki si Kiswahili cha vitabu, walisema, na kweli si cha vitabu. Tukapatana: juu kimekaa "Vitu vya Kuchezea", ndani neno tuntu limebaki mahali sita, nilihesabu. Udongo wa kichuguu ulipita. Unga haukurudi.

Jumamosi yule dereva alinisubiri langoni. Tembo mmoja alikuwa amekatika, kamotokari kanaburuza tumbo. Akanyoosha mkono, hakusema anataka nini. Mimi bia siinywi, kwa hiyo nilinunua Fanta nisiyoitamani, nikamwomba mwenye duka aifungue taratibu asipinde kizibo.