Damu ya waganga: kwa nini chanjo ya Ebola ilianzia kwao

Ndugu wasikilizaji wa Beni na Butembo, na ninyi mliokimbia vita na kuacha mashamba, kuna maswali yangali yanaulizwa kwenye foleni ya maji. Mbona wakati wa Ebola waganga ndio waliochomwa sindano kwanza? Na mbona watu wengine walichanjwa, kisha wakaugua?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1976, kule Yambuku, hospitali ya misheni ilikuwa na wafanyakazi 17. Ugonjwa uliokuwa hauna hata jina uliwaua 11, hospitali ikafungwa. Sindano chache zilikuwa zikitumiwa kwa wagonjwa wengi. Mwaka wa 1995 huko Kikwit waliugua watu 315, na karibu 80 kati yao walikuwa wahudumu wa afya. Ebola ilikuwa inamkamata anayemshika mgonjwa, kisha inatoka naye hospitalini mpaka nyumbani kwake.

Ni Kikwit hiyohiyo ambako waganga wetu walitoa damu kwa watu waliopona, wakawatilia wagonjwa 8. Saba wakapona. Wataalamu wengine walibisha, wakisema wagonjwa hao ni wachache mno kuthibitisha jambo, na haki walikuwa nayo. Lakini wazo lilibaki: damu ya aliyepona ina kingamwili, yaani askari wanaoijua sura ya adui. Miaka baadaye, Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake wa Marekani walipata katika damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit kingamwili iliyogeuzwa kuwa dawa, mAb114. Tangu Novemba 2018 dawa hiyo ilijaribiwa hapa Beni. Damu ya Kikwit ilikuja kuwaponya watu wa kwetu!

Chanjo inafanya kazi kwa njia nyingine: inaufundisha mwili kujitengenezea askari wake. Ndani yake mna virusi vya ugonjwa wa mifugo vilivyovalishwa ganda la Ebola, ganda tu. Ebola yenyewe haimo, kwa hiyo sindano hiyo haiwezi kumpa mtu Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Tarehe 8 chanjo ikaanza Mangina, na waganga wakawa wa kwanza kwa sababu ya yale ya Yambuku na Kikwit.

Sasa, askari hao hawazaliwi siku ileile ya sindano. Majaribio yaliyofanywa Guinea mwaka wa 2015 yalihesabu kinga kuanzia siku ya 10. Na Ebola inaweza kujificha mwilini kuanzia siku 2 hadi 21 kabla ya kuonekana. Basi mtu aliyeambukizwa Jumatatu, akachanjwa Alhamisi, anaweza kushikwa na homa juma linalofuata. Jirani ameona sindano, kisha ameona homa. Atasema nini? Atasema sindano ndiyo iliyoleta ugonjwa. Mimi siwaiti wajinga waliosema hivyo. Sisi wa maikrofoni tulikuwa na sehemu yetu ya kosa: tulitangaza kwamba chanjo inakinga, na mara nyingi tukasahau kuzitaja zile siku.

Watafiti walipima damu ya watu 608 waliochanjwa Beni Agosti na Septemba 2018, wahudumu wa afya wakiwemo. Siku ya 21, watu 87 katika kila 100 walikuwa na kingamwili. Baada ya miezi sita walikuwa 95. Baadaye, Desemba 2019, wahudumu wa afya karibu 700 wa Boende walikubali kujaribiwa chanjo nyingine, ya sindano mbili zinazoachana siku 56, na damu yao ikapimwa vilevile.

Mpaka ugonjwa ulipotangazwa kumalizika, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Wahudumu wa afya walioambukizwa walizidi 160.

Limebaki swali moja, ambalo baba mmoja aliyehama na jamaa yake aliniuliza kwa ukali: kama chanjo ni nzuri, mbona muuguzi aliyechanjwa bado alikuwa anavaa glavu na kutuogopa? Nilimwomba arudi kwenye ile hesabu ya siku ya 21. Katika watu 100, wale 13 waliobaki walikuwa hawajaonyesha askari, na hakuna muuguzi aliyeweza kujua kama yeye ni mmoja wao.