Msalaba na Nyara: Somo kutoka Magofu ya Kilwa



Mahujaji wafikao Roma huweza kuyatembelea magofu ya Ostia, bandari ya kale alikofariki Mtakatifu Monika mwaka 387. Nasi Tanzania tunayo bandari yetu ya kale iliyogeuka magofu: Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi.

Karne saba zilizopita dhahabu ya Sofala ilipitia Kilwa. Masultani wake walitoa sarafu zao wenyewe za shaba, na msafiri Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, aliusifu uzuri wa mji huo. Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa, vilivyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vingali vinashuhudia ustadi wa wazee wetu. Mwaka 1981 UNESCO iliyatambua magofu hayo kuwa Urithi wa Dunia.

Julai 1505 Wareno, wakiongozwa na Francisco de Almeida, waliuvamia mji huo. Masimulizi ya msafara wao wenyewe yasema kwamba mapadre Wafransisko walishuka pwani wakibeba misalaba miwili, huku wakiimba Te Deum. Msalaba uliwekwa penye jumba la mtawala, jemadari akasali. Kisha watu wakaanza kupora mali ya mji. Wareno walijenga ngome, lakini mwaka 1512 wakaiacha na kwenda zao. Hawakuacha nyuma yao Kanisa lililodumu.

Ndugu zangu, imani ingewezaje kuota mizizi pale msalaba ulipotangulia na nyara zikafuata? Linganisheni na Bagamoyo. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika huko, wakawapokea watumwa waliokombolewa, wakawapa makazi na shule. Mbegu ile ilikua, nasi tu sehemu ya mavuno yake.

Wilaya zetu za Tarime na Serengeti zimeonja uchungu wa wizi wa mifugo na mapigano ya koo. Zizi lenye ng'ombe wa wizi halitakaswi na rozari iliyotundikwa mlangoni. Zakayo alipompokea Bwana aliahidi kurudisha mara nne (Lk 19:8). Aliye na mali ya jirani yake na airudishe kwanza, ndipo aje altareni.

Mungu awabariki nyote.