HONGO: KUTOKA USHURU WA NJIA HADI RUSHWA

Wako watu wanaodai kwamba rushwa ni mila yetu; kwamba Mwafrika tangu zamani hakupita kwa mkubwa mikono mitupu, na ushahidi wao ni neno hongo. Dai hili ni la hatari, kwa sababu linampa mla rushwa kinga ya utamaduni. Kada hana budi kulijibu kwa historia.

Leo sheria husema rushwa, neno lenye asili ya Kiarabu. Mitaani watu husema hongo, na maneno hayo mawili yanatumika kama pacha. Zamani hayakuwa pacha.

Tuitazame Puge, katika Wilaya ya Nzega. Iko kaskazini ya Tabora, upande wa kuelekea Usukuma na Ziwa. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara: mashariki Bagamoyo, magharibi Ujiji, kaskazini Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu na watumwa walipelekwa pwani. Merikani, kaniki, shanga na bunduki zilikuja bara. Msafara ulipoingia katika nchi ya mtemi ulidaiwa hongo: doti kadhaa za nguo, shanga au waya za shaba. Ugogo, nchi ya ukame, hongo ilikuwa nzito zaidi, maana mamia ya wapagazi walikunywa maji na kula chakula cha wenyeji.

Hongo hiyo ilitolewa mchana kweupe. Wajumbe wa mtemi na wakuu wa msafara walijadiliana, pengine kwa siku kadhaa; wakikubaliana, njia hufunguliwa. Wasafiri wa Kizungu, kama Burton aliyefika Tabora mwaka 1857, walilalamika sana. Lakini wakati huo huo kwao Uingereza wasafiri walilipa ushuru kwenye malango ya barabara, na hakuna aliyeuita ushenzi.

Kwamba jambo hili lilihusu mamlaka ya nchi, vita vinathibitisha. Baada ya kifo cha Fundikira mwaka 1858, mtemi Mnywasele wa Unyanyembe aliwatoza kodi wafanyabiashara wa Kiarabu. Walikataa, wakamng'oa na kumweka Mkasiwa. Mnywasele alipigana nao mpaka akauawa mwaka 1865. Mwaka 1871 Mirambo naye alifunga njia ya Ujiji, na mojawapo ya madai yake ilikuwa haki ya kutoza misafara.

Hatusemi kwamba watemi walikuwa wajamaa. Sehemu kubwa ya mapato ilinunua bunduki na kukuza ukuu wao, na mpagazi aliyebeba mzigo hakuulizwa neno. Tunasema tu kwamba hongo ilikuwa ushuru uliojulikana, uliodaiwa na mamlaka iliyojulikana.

Wajerumani walivunja mamlaka hayo. Mwaka 1893 ngome ya Isike mjini Tabora ilianguka. Mwaka 1897 ikatolewa amri ya kodi ya nyumba. Tangu hapo aliyetoza kihalali ni serikali ya kigeni, na mwananchi hakuwa na sauti juu ya kodi wala matumizi yake. Mtemi aliondolewa haki ya njia, na maana ya kale ya hongo ikakosa mahali pa kuishi. Ikabaki maana ya pili: malipo ya siri kwa mwenye cheo, yasiyo na stakabadhi.

Baada ya Uhuru, ahadi za mwana-TANU zilitamka kwamba rushwa ni adui wa haki. Sheria ya Kuzuia Rushwa ikatungwa mwaka 1971, na nyingine ikafuata mwaka 2007. Hata hivyo lugha bado hutafuta maficho: hongo huitwa chai, au kitu kidogo. Jina tamu halibadilishi kosa.

Basi kipimo ni kipi? Kila malipo yaulizwe maswali matatu. Yanatozwa hadharani? Yanatozwa kwa sheria iliyopitishwa na wawakilishi wa wananchi? Mapato yanawarudia wananchi kwa barabara, shule na dawa? Hongo ya mtemi ilijibu swali la kwanza tu. Kodi ya mkoloni haikujibu la pili. Hongo ya leo haijibu hata moja. Anayeipokea harithi mila ya Mnywasele. Anauza mamlaka ambayo si yake, bali ni ya umma.